Ahmedabad kwa anayemuuguza mgonjwa: anza na dirisha la Sidi Saiyyed

Ndugu yangu uliyeuliza kuhusu Ahmedabad, mji wa Gujarat, India, kwanza pole na mgonjwa. Mungu amjaalie baba afya. Umesema utakuwa na siku nne za kusubiri kati ya vipimo na upasuaji, na jamaa mmoja kakwambia mji ule ni viwanda vya nguo tu, hakuna cha kuangalia, bora ujilalie hotelini. Mimi nilikaa kule wiki saba, Februari na Machi, nikimuuguza mama pamoja na dada yangu. Tulikuwa tunapokezana zamu: dada akishika kitanda cha mama, mimi natoka. Kazi yangu ni useremala, nachonga milango hapa Unguja, kwa hiyo nitakueleza kwa jicho la fundi. Wengine watakuja na mengine.

Mji ule uliasisiwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah, ndiye uliyechukua jina lake. Viwanda vya nguo vilikuja karne nyingi baadaye. Mji wa kale uko upande wa mashariki wa mto Sabarmati, na tangu 2017 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ndio mji wa kwanza wa India kuingizwa humo. Huyo jamaa yako nadhani aliishia upande wa magharibi, kwenye hospitali mpya na maduka makubwa. Vuka daraja.

Ukishavuka, nenda mtaa wa Lal Darwaza, kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed. Ni msikiti mdogo, umebanwa na barabara yenye fujo, na mimi nilipita kando yake mara mbili ndani ya bajaji bila kujua. Ulijengwa mwaka 1572 na 1573. Kinachowaleta watu ni madirisha yake ya juu, ya nusu duara, yaliyojazwa wavu wa mawe wanaouita jali. Mengi ni ya michoro ya mraba na nyota, mazuri ya kutosha. Lakini katika ukuta wa nyuma, upande wa kibla, kuna mti. Shina linapanda, matawi yanajipinda na kusokotana kama mishipa ya mkono, mti kama mnazi umechomoza katikati yake, na majani ni membamba kiasi kwamba ukiyatazama unaogopa kupumua. Yote hayo ni jiwe la mchanga lililotobolewa.

Naomba unielewe hapa, maana mtu asiyeshika patasi anaweza kupita haraka. Mbao ina nyuzi. Ukikosea, nyuzi zinakuonya kabla haijapasuka. Jiwe halikuonyi. Fundi aliyechonga tawi lile alikuwa anaondoa kila kisichokuwa tawi, kidogo kidogo, na pigo moja baya lingemharibia kazi ya siku nyingi. Nilikaa chini pale saa nzima na nusu siku ya kwanza. Nilirudi mara tano.

Wakati mzuri ni kuelekea alasiri. Kibla cha India ni magharibi, kwa hiyo jua likishuka linapiga ule ukuta kwa nyuma, na wewe ukiwa ndani unauona mti kama umewaka. Ukitoka baada ya magharibi uzunguke upande wa nje, utauona mwingine kabisa, taa zikiwa zimewashwa, jiwe likiwa na rangi ya asali. Angalia pia ule uwazi wa kati wa ukuta huo: umezibwa kwa mawe matupu, hauna nakshi. Wengi husema kazi ilikatizwa kwa sababu jeshi la Akbar, mfalme wa Mughal kutoka kaskazini, liliingia Gujarat wakati huohuo na usultani ukaanguka. Mimi kila nikitazama zile pande mbili zilizonakshiwa na pale kati patupu, namfikiria yule fundi aliyeambiwa aweke vyombo chini.

Na Sidi Saiyyed mwenyewe alikuwa nani? Mhabeshi. Alikuwa katika msafara wa jemadari Bilal Jhajar Khan, katika jeshi la sultani wa mwisho wa Gujarat, Muzaffar Shah wa Tatu. Sidi ndilo jina wanaloitwa kule watu wenye asili ya Afrika. Walipelekwa wengi kama watumwa na askari, wakatoka humo majemadari na watu wenye mali waliojenga misikiti. Kizazi chao kipo Gujarat hadi leo, wanazungumza Kigujarati, wanamheshimu walii wao Bava Gor, na wana ngoma wanayoiita goma. Goma, ndugu yangu! Neno limevuka bahari na limebaki. Pale msikitini kijana mmoja aliniuliza kama mimi ni Sidi. Nilimjibu kwamba natoka Zanzibar, naye akamwita mwenzake, tukakaa tukitajiana maneno: pesa, duka, laki, chai, chapati. Tulipofika kwenye laki tukashikana mikono.

Mama alipotolewa wodini, akiwa bado anahudhuria kliniki, nilimpeleka huko huko kabla ya kwingine kote. Bajaji ilitufikisha hadi langoni. Ndani ya ukumbi wa sala wanawake hawaingii, kwa hiyo alikaa uani kwenye kiti tulichopewa, akatazama kwa mbali, kisha tukazunguka nyuma. Hakusema kitu muda mrefu. Mwisho akasema, "Huyu naye alikuwa na mama yake." Basi. Kwa baba yako aliye na moyo dhaifu, mahali hapa panafaa kwa sababu hakuna ngazi za kupanda.

Siku ya pili, amka mapema. Kuna matembezi ya miguu ya mji wa kale yanayoanzia kwenye hekalu la Swaminarayan huko Kalupur, saa mbili kasoro asubuhi, na kuishia Jama Masjid, msikiti mkuu wa Ijumaa. Hekalu lenyewe ni la mwaka 1822, la kwanza kabisa la madhehebu hayo ya Kihindu. Wafuasi wake ndio hao hao wenye mahekalu Mombasa na Nairobi, kwa hiyo huenda umewahi kupita mbele ya moja bila kujua limetoka wapi. Nguzo na mabano yake ni ya mti wa mtiki, yamechongwa na kupakwa rangi kali.

Njiani mtapita ndani ya mitaa wanayoiita pol. Kila pol ina lango lake, vichochoro vyembamba, na nyumba za watu wa ukoo au kazi moja zilizoshikana kwa ubavu. Nyumba zimejengwa kwa fremu ya mbao na matofali katikati, ili ardhi ikitikisika zipate kunyumbuka. Chini ya nyua za baadhi yake kuna matangi ya kuhifadhi maji ya mvua. Na mahali pengi utaona nguzo yenye kibanda juu yake, kama mnara mdogo: ni cha kulishia ndege. Waliona wamejenga mji wakawaondolea ndege miti yao, basi wakawawekea mahali. Milango ndiyo iliyonishika mimi. Mji Mkongwe tunao mlango tunaouita wa Kigujarati, ule wenye vipande vya mraba mraba, na nimeutengeneza mara nyingi. Kuuona kwao, umechakaa, una kamba ya maua kwenye kizingiti na bibi amekaa mbele yake akichambua mchele, kulinifanya nielewe kwamba kazi ya mikono yangu ina wajomba.

Jama Masjid ni ya mwaka 1424. Nguzo zake ni 260 na kuba za paa lake ni 15. Ua ni mpana, mawe yanaunguza nyayo kufikia saa tano, kwa hiyo nenda na soksi. Zitazame nguzo kwa karibu: mafundi walikuwa wa jadi ya Kihindu na Kijaini, dini za kale za huko, wakajenga msikiti kwa mkono waliouzoea, ndiyo maana utakuta maua ya yungiyungi na nakshi za hekaluni. Minara yake ilikatika katika tetemeko la 1819, vilivyobaki ni vitako tu. Nje yake kuna makaburi ya Ahmad Shah na ya wake wa masultani, na haya ya pili yamezingirwa na wauza nguo na bangili hadi huoni pa kuingilia.

Hapo uko Manek Chowk. Mchana ni soko la vito, usiku sonara wakifunga huwa uwanja wa chakula. Jina ni la mtawa Maneknath. Wanasimulia kwamba Ahmad Shah alipokuwa anajenga ukuta wa mji, Maneknath alisuka mkeka mchana, usiku akaufumua, na kila alipofumua ukuta ukaanguka. Fundi yeyote aliyewahi kukuta kazi yake imepinda asubuhi ataamini.

Siku ya tatu, kama una ndugu au mtu mwingine anayeweza kushika zamu mchana kutwa, nenda Adalaj, kama kilomita 18 kaskazini. Ni kisima cha ngazi, vav kwa lugha yao. Juu ya ardhi huoni kitu. Unashuka, unashuka, ghorofa tano kuelekea chini, nguzo kwa nguzo, joto linapungua mwilini kama umeingia ndani ya maji kabla ya kuyafikia. Ngazi zinatoka pande tatu na kukutana kwenye jukwaa la kwanza. Kilikamilika mwaka 1499. Mtawala Veer Singh wa ukoo wa Vaghela alikianza, akauawa vitani na Sultani Mahmud Begada. Hadithi inasema Begada alitaka kumwoa mjane, Rudabai, naye akakubali kwa sharti kisima kimalizwe kwanza. Kilipokwisha, akaenda akajitupa ndani yake. Maandishi ya ukutani yanamtaja Rudabai kuwa ndiye aliyekijenga. Hayo mengine ni ya masimulizi. Nenda adhuhuri, jua likiwa wima, maana ndipo mwanga unapoteremka hadi chini.

Na ukitaka kumjua Begada mwenyewe alikolala, basi ni Sarkhej Roza, kusini magharibi mwa mji. Hapo ndipo alipozikwa Sheikh Ahmed Khattu, aliyekuwa mshauri wa Sultani Ahmad Shah. Kaburi lake lilianza kujengwa mwaka 1446 na kumalizika 1451, limezungukwa na wavu wa shaba. Baadaye Begada akaongeza bwawa kubwa lenye ngazi pande zote, jumba la mapumziko na kaburi lake. Machi nilikuta bwawa karibu limekauka, watoto wanacheza kriketi ndani. Nilipapenda kuliko nilivyotarajia. Watu wanakuja na chakula chao, wanalala vibarazani, hakuna anayekuharakisha. Baba akiruhusiwa kutoka, mpeleke hapa jioni.

Hekalu la Kijaini la Hutheesing, la mwaka 1848, nakuomba usilikose. Ni marumaru nyeupe, limewekwa kwa heshima ya Dharmanath, mmoja wa walimu watakatifu wa Wajaini, na mjane wa mfanyabiashara Hutheesing, Bibi Harkunvar, ndiye aliyelimalizia baada ya mumewe kufariki. Limezungukwa na vihekalu vidogo 52. Mimi siku ya kwanza nilirudishwa mlangoni kwa sababu ya mkanda na pochi ya ngozi. Wajaini hawaruhusu ngozi ndani. Nilirudi kesho yake na suruali ya kamba. Simu niliambiwa niiweke mfukoni, nikaona ni haki.

Ashram ya Sabarmati, makazi ya kando ya mto alikoishi Gandhi kuanzia 1917 hadi 1930, haina nakshi hata moja, na ndivyo inavyotakiwa. Chumba, mkeka, gurudumu la kusokotea pamba, mto ukipita. Kutoka hapo ndipo alipoanza kutembea tarehe 12 Machi 1930 na wenzake 78 hadi pwani ya Dandi kuchukua chumvi iliyotozwa kodi na Waingereza. Kumbuka alikuja hapo baada ya miaka mingi Afrika Kusini. Nenda asubuhi, kaa kando ya mto. Ile Minara Inayotikisika karibu na stesheni siku hizi hairuhusiwi kupandwa, unaitazama dakika kumi umemaliza.

Mambo ya njiani. Bajaji patana kabla ya kupanda, au simamia mita iwashwe. Nilimkodi mtu mmoja anizungushe mahekaluni, akanipeleka maduka manne ya nguo kabla ya hekalu moja. Tangu hapo nikawa natembea peke yangu na ramani ya simu. Chakula kingi ni cha mboga, kitamu kweli, ila sukari huwekwa hata kwenye dengu. Mkitaka nyama, kuna kichochoro kiitwacho Bhatiyar Gali karibu na lango la kale la Teen Darwaza, wapishi wake ni Waislamu. Pombe imepigwa marufuku karibu jimbo zima la Gujarat. Mkifika Aprili au Mei, joto linapita 40, basi kila kitu kifanyike kabla ya saa nne asubuhi au baada ya alasiri, na mgonjwa asitoke mchana kabisa.

Nina ombi moja. Sasa hivi nachonga mlango, na nimejaribu kuuweka ule mti wa Sidi Saiyyed juu ya kizingiti kwa mbao ya mtiki. Matawi nimeyapata. Kinachonishinda ni pale chini, shina linapogawanyika mara ya kwanza, kwa upande wa nje. Picha zangu zote nilipiga kwa ndani na zimetoka nyeusi. Ukifika, zunguka nyuma jioni taa zikishawashwa, unipigie pale tu, uniwekee hapa.