Kwa nini Impact ya EC iliishia toleo la 5?

Ndugu, umeuliza kama Impact, jarida la katuni, ilikufa kwa sababu ilikuwa mbaya. Hapana! EC, kampuni ya katuni ya William Gaines, iliianzisha Marekani mwaka 1955, baada ya majarida yake ya hadithi za kutisha kubanwa na kanuni za udhibiti za 1954. Wasambazaji walikuwa wameshaikataa EC, mafurushi yakarudishwa bila hata kufunguliwa. Matoleo 5, basi.

Tafuta toleo la kwanza usome "Master Race": mkuu wa zamani wa kambi ya Wanazi, ndani ya treni ya chini ya ardhi, anamwona mtu ambaye yeye mkuu amekuwa akimkwepa miaka yote. Mchoraji Bernard Krigstein alipewa kurasa 6, akapigania nafasi hadi akapata 8, kisha akakatakata picha kuwa vipande vyembamba, kila sekunde inauma. Katuni chache za miaka ile zinaifikia.