Presha ya mama imeshuka hadi 108: je, aache dawa za moyo?

SWALI: Mfamasia, habari ya kazi. Naandika kutoka Arua kwa niaba ya mama yangu, ana miaka 63. Amekuwa na presha kwa muda mrefu, na mwaka jana alivimba miguu akawa anakosa pumzi usiku. Alilazwa, tukaambiwa moyo umepanuka na hausukumi damu vizuri. Anatumia enalapril 5 mg asubuhi na jioni, carvedilol 6.25 mg asubuhi na jioni, furosemide 40 mg asubuhi, na spironolactone 25 mg mara moja kwa siku. Sasa uvimbe umeisha na presha inasoma 108/68. Mama anasema amepona. Jirani anamwambia presha ikishuka hivyo dawa zitamwangusha. Siku za soko na za safari haimezi furosemide kwa sababu ya kukojoa. Ana kikohozi kikavu kisichoisha, na magoti yakimsumbua hununua diclofenac duka la dawa. Dada yangu wa miaka 29 naye aliambiwa ana presha, basi mama humgawia vidonge. Je, apunguze dawa? Apunguze ipi?

JIBU: Ndugu yangu, umefanya vizuri kutaja majina na miligramu. Mtu akiniandikia "kidonge cheupe cha presha" siwezi kumsaidia, maana karibu vyote ni vyeupe. Nami nitaandika majina kama yalivyochapishwa kwenye pakiti, ili uyalinganishe na alivyonavyo mama.

Kati ya dawa zote ulizotaja, ya kuacha leo ni diclofenac. Zile nne za moyo aendelee nazo kama alivyoandikiwa mpaka daktari wake aseme vingine. Na dada asimeze tena kidonge cha mama, hata kimoja.

Nianze na dada. Enalapril na ndugu zake captopril na lisinopril, pamoja na kundi la losartan, humdhuru mtoto aliye tumboni: figo zake huathirika, maji ya uzazi hupungua, na mtoto anaweza kufa kabla ya kuzaliwa. Spironolactone nayo haifai kwa mjamzito. Mwanamke wa miaka 29 anaweza kuwa na mimba ya wiki sita asijue. Aende kituo cha afya apimwe presha upya na mkojo, aandikiwe dawa zake mwenyewe. Zipo zilizozoeleka hata kwa wajawazito, kama methyldopa. Ikiwa amekosa siku zake, aseme hivyo mara tu anapofika, na aende wiki hii hii. Tena kila mama anapogawa, dawa zake zinaisha kabla ya tarehe ya kliniki, na moyo wake ndio unaolipa.

Sasa tuje kwenye hiyo 108/68. Jirani namwelewa. Mtu mwenye presha peke yake hupewa dawa ili namba ishuke, na ikishuka mno daktari huipunguza. Mama ana jambo la pili. Moyo ukidhoofika, mwili hudhani damu imepungua. Unatoa homoni za kubana mishipa, unaharakisha mapigo, unaziamuru figo zishike chumvi na maji. Kwa siku chache hilo lingesaidia, lakini likiendelea miezi na miezi huuchosha moyo na kuupanua zaidi. Enalapril na spironolactone hukata amri hizo kwenye mishipa na figo. Carvedilol huukinga moyo na ile homoni ya kuuharakisha. Dawa hizi tatu ndizo zinazorefusha maisha ya mgonjwa wa aina yake. Furosemide kazi yake ni nyingine: hutoa maji yaliyokwisha kujaa miguuni na mapafuni, ndiyo maana nafuu yake huonekana haraka na watu huipenda au kuichukia kuliko zote.

Kwa hiyo 108 kwa mama yako ni habari njema, mradi anasimama bila shida. Msishangae hata akienda kliniki na namba hiyo daktari akampandishia carvedilol. Huanzia chini na kupandishwa kidogo kidogo kadiri mwili unavyostahimili.

Cha kuangalia ni namna anavyoinuka. Mpimeni akiwa amekaa na kutulia dakika tano, kisha mpimeni tena baada ya kusimama dakika moja hadi tatu. Akiona giza, akiyumba, au namba ya juu ikishuka chini ya 90 huku akijisikia vibaya, aonwe siku hiyo hiyo. Asijipunguzie mwenyewe, kwa sababu daktari mara nyingi ataanza kwa kupunguza furosemide ikiwa uvimbe umeisha, au kupanga saa tofauti ili vidonge visigongane tumboni kwa wakati mmoja, badala ya kugusa zile tatu. Carvedilol ameze na chakula. Ikimezwa tumbo tupu huingia kwenye damu kwa kasi na kizunguzungu huzidi. Na kati ya zote, carvedilol ndiyo mbaya zaidi kuikata ghafla. Moyo uliozoea kukingwa unaweza kukurupuka, mapigo yakaenda mbio. Ikitokea amekaa siku kadhaa bila kuimeza, apige simu kliniki kabla ya kurudi kwenye dozi ile ile.

Siku za soko zina njia yake. Furosemide huanza kumsukuma mtu chooni ndani ya saa moja hivi, na kazi yake huisha kama saa sita baadaye. Haikuandikwa popote kwamba lazima iwe saa moja asubuhi. Siku ya soko anaweza kuimeza akirudi mchana. Siku ya basi la Kampala ambalo huondoka alfajiri, aimeze akifika, ikiwa ni kabla ya saa kumi jioni, la sivyo hatalala kwa kuamka usiku, na kwa umri wake kuanguka gizani akielekea choo ni hatari nyingine. Asiiruke, na kesho yake asimeze viwili kufidia.

Kupima kama maji yanarudi ni kazi ya mizani kuliko ya macho. Kila asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, apime uzito akiwa na nguo zile zile, auandike. Ukipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji; aende kliniki hata kama anajisikia mzima, maana uvimbe huonekana baadaye. Kama nyumbani hakuna mizani, abonyeze mfupa wa muundi kwa kidole kila asubuhi aone kama pana shimo linalobaki, na ahesabu mito anayolalia. Aliyekuwa akilalia mmoja akihitaji mitatu ili apumue, mapafu yameanza kujaa. Akiamka usiku anahema, akikohoa mapovu, akipata maumivu ya kifua au akizimia, msingoje asubuhi.

Diclofenac naomba nikae nayo kidogo, kwa kuwa naiona ikiwarudisha wodini watu waliokuwa wameshapata nafuu. Figo huchuja damu kwa msukumo, kama maji ya bomba yanavyohitaji presha ili yafike ghorofani. Furosemide imepunguza maji mwilini. Enalapril imelegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio cha figo. Mambo hayo mawili figo hustahimili, kwa sababu mshipa unaoingiza damu hupanuka kidogo kusaidia. Diclofenac huzuia upanuzi huo. Hapo msukumo unaanguka, figo zinaweza kuzimika ndani ya siku chache, na potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, inapanda. Juu ya hayo, diclofenac hushikilia chumvi na maji, yaani inafanya kinyume kabisa cha furosemide. Ibuprofen ni hivyo hivyo, na sindano ya diclofenac haina nafuu yoyote juu ya kidonge. Asome pakiti za vidonge vya mchanganyiko vya maumivu pia. Vingi vina diclofenac au ibuprofen pamoja na parasetamoli.

Kwa magoti atumie parasetamoli ya kawaida: kidonge kimoja au viwili vya 500 mg, mpaka mara tatu kwa siku, kama hana ugonjwa wa ini. Zile za kuyeyusha kwenye maji ziwe mbali naye kwa sababu zina sodiamu nyingi. Kwa vile ameshatumia diclofenac, wiki hii apimwe damu: kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, na potasiamu. Vipimo hivyo anavihitaji pia wiki moja au mbili baada ya kila mara enalapril au spironolactone inapoongezwa, na kila baada ya miezi michache hata akiwa mzima. Kituo chenu kikiwa hakina kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, hospitali ya rufaa ya mkoa itakuwa nacho, au maabara binafsi inayoaminika. Hii ni gharama ambayo ningeomba familia ichangie kabla ya nyingine.

Potasiamu inanifikisha jikoni. Kwenu kaskazini wengi hupika mboga za majani kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu ili zilainike. Majivu ya mimea yana potasiamu nyingi. Kwa mtu anayemeza enalapril pamoja na spironolactone, dawa ambazo zote mbili huibakiza potasiamu mwilini, mboga yake ipikwe bila maji hayo. Potasiamu ikizidi sana, moyo unaweza kusimama bila onyo. Ile chumvi mbadala iliyoandikwa kwamba ina sodiamu kidogo, mara nyingi pahali pa sodiamu wameweka potasiamu, asiinunue. Magadi na chumvi ya mawe ya Katwe ni sodiamu, na hizo humrudishia uvimbe. Matoke, ndizi na parachichi haina haja kuviacha ikiwa figo ziko sawa. Vipimo vikionyesha vinginevyo, daktari atasema, na hapo matoke ya kuchemshwa na kumwagwa maji ni afadhali kuliko ya kuvikwa majani, ambayo hubaki na potasiamu yake yote.

Kama mama ni mgonjwa wa kliniki ya ARV pia, ajulishe pande zote mbili. Kotrimoksazo, ile watu wanayoiita Septrin, nayo hupandisha potasiamu ikikutana na enalapril na spironolactone.

Jambo moja zaidi, na hili ni la kwetu Uganda hasa. Mtu akipata malaria au kudhoofika, kliniki nyingi hukimbilia kumtundikia dripu. Lita moja ya maji inayoingia haraka kwa mama yako inaweza kuishia mapafuni. Yeyote anayemsindikiza aseme mlangoni: "Huyu ana ugonjwa wa moyo, anatumia furosemide." Dawa ya malaria apewe kama kawaida baada ya kupimwa. Akiwa anatapika au kuharisha, aende siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda enalapril, furosemide na spironolactone zikahitaji kusimamishwa siku moja au mbili mpaka aweze kula na kunywa. Kwinini akipewa, waulize kwanza kama anatumia digoxin, dawa nyingine ya moyo, kwa kuwa kwinini huipandisha kwenye damu.

Kikohozi kina maelezo zaidi ya moja. Enalapril husababisha kikohozi kikavu cha kuwasha koo kwa baadhi ya watu, usiku na mchana, bila homa. Kinaudhi lakini hakidhuru, na daktari akimhamishia kwenye losartan hukoma ndani ya wiki chache. Losartan huchukua nafasi ya enalapril, hazimezwi pamoja. Lakini kikohozi kinachozidi akilala chali huenda ni cha maji mapafuni. Na hapa kwetu kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni lazima makohozi yapimwe TB, hata kama kila mtu ana hakika ni cha kidonge. Aanze na hicho kipimo. Iwapo siku yoyote midomo, ulimi au uso utavimba ghafla, aende hospitali mbio, na enalapril asiimeze tena maisha yake yote.

Upande wa kupata dawa: kituo kikiishiwa, anunue dawa ile ile, miligramu zile zile, kwenye famasi yenye leseni ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, wala si kwa wachuuzi wa kwenye mabasi. Muuzaji akisema "carvedilol hamna, chukua atenolol, ni kitu kimoja," akatae. Kwa moyo uliodhoofika haijathibitishwa kusaidia kama carvedilol. Mtengenezaji akibadilika, kidonge hubadilika umbo na rangi, na nimeona wagonjwa wakimeza cha zamani na kipya pamoja wakidhani ni dawa mbili. Asome jina. Majina yanayoishia na "-pril" ni ya ukoo mmoja, apate moja tu. Kwenye bahasha, "1x2" maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Kama mwandiko umefifia, mrudishie mhudumu auandike upya mbele yenu.

Siku ya kliniki abebe pakiti zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na ile ya diclofenac na mitishamba kama anatumia, na daftari la uzito. Aseme wazi siku alizoruka furosemide na vidonge alivyompa dada. Daktari akiamini kwamba anameza kila siku, halafu akaona uvimbe umerudi, atamwongezea dozi; naye siku atakayoanza kuzimeza zote kama zilivyoandikwa, presha ndipo itakaposhuka kweli kweli.