Jibu: Matamshi ya Kichuuk kwa mtu wa Kiswahili

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyekulia kwenye Kiswahili anaweza kutamka Kichuuk vizuri, maana mtaani kwako zimehamia familia za kutoka visiwa vya Chuuk, kule Mikronesia, na wenzako wamekutisha na irabu tisa. Nimefanya kazi na Wachuuk miaka mingi hapa Oregon, zamu moja, meza moja ya chakula, na lugha yao naipenda kwa dhati. Unaweza kabisa. Ila irabu ziache kwanza.

Anza na mwisho wa neno. Sisi tumezoea kumalizia kwa irabu, hata maneno ya kukopa tunayabandika moja. Kichuuk kinakata. Maneno mengi yamepoteza irabu fupi ya mwisho, kwa hiyo nyumba ni iimw: unafunga midomo kwenye mw na unaishia hapo hapo. Sasa sikiliza "nyumba yake": imwan. Irabu iliyopotea imerudi, na ile i ya mwanzo imekuwa fupi. Jicho ni maas, jicho lake mesan. Ni utaratibu, si vurugu: nomino ikibaki na silabi moja nyepesi, yaani yenye irabu fupi, irabu yake inarefushwa ili isimame. Kwa hiyo urefu wa sauti ni wa kushika mapema kuliko kitu kingine chochote. Wenyeji watakusamehe irabu iliyopinda kidogo, lakini ukirefusha na kufupisha ovyo hawakuelewi.

Konsonanti nazo zina ndefu na fupi, tena hata mwanzoni mwa neno, jambo ambalo lugha nyingi hazina. Usidhani ni kama "mmea" au "nne". Kwetu ile m ya kwanza ni silabi yake. Kwao ni konsonanti moja iliyoshikiliwa, na inaweza kuwa t au k, ambapo hakuna sauti ya kuvuta. Unabana pumzi kidogo, kisha unaachia.

Chukua mwéngé, yaani kula. Macho ya Mswahili yanasoma "mwenge" wa mbio za mwenge, na hapo ndipo matamshi yanapoharibika. Ng yao ni ile ya "ng'ombe", kamwe si ya "ngoma". Hapo tuna bahati, wengine hapa Marekani wanahangaika nayo mwanzoni mwa neno. Mw ni sauti moja: midomo inaviringika wakati m yenyewe inatoka. Nayo é hutamkwa ulimi ukiwa katikati ya kinywa, midomo ikiwa imelegea.

Hiyo é inatupeleka kwenye irabu. Tano unazo tayari. Zilizobaki ni é, á iliyo kati ya a na e, ó iliyo kati ya a na o, na ú. Kwa ú, tamka u kisha tandaza midomo kama unayetaka kusema i, ulimi ubaki nyuma kiasi. Fanya mbele ya kioo. Shida ni kwamba kwenye ujumbe wa simu watu wengi hawaweki alama hizo, kwa hiyo sikio likutangulie, maandishi yafuate. Kamusi ya Goodenough na Sugita ya mwaka 1980 inaweka alama zote, ndiyo ninayoitegemea.

Ch yao inatamkwa ncha ya ulimi ikirudi nyuma, na ndani yake unasikia kama r. Ndiyo maana wageni waliandika Ruk, kisha Truk, na jina Chuuk likaja kuwa rasmi baadaye. Masikio ya kigeni yalikuwa yakiigombania sauti ile ile.

Usishangae pia kuona kisiwa kimoja kikiandikwa Tonoas na Toloas, au Romanum na Romalum. L na n zinapishana humo, na kwenye visiwa vya nje ya kundi kuu utasikia l zaidi. Kwa hiyo kabla hujamwiga jirani yako, muulize anatoka kisiwa gani. Watu wa visiwa vya Mortlock wana usemi wao ulio karibu na huu, na ukichanganya semi hizo mbili mapema utajichosha bure. Chagua nyumba moja, kaa nayo, omba wakurudishie neno polepole.