Tazameni bei, si chipu

Mmeuliza wiki hii: kati ya Sony, Nintendo na Microsoft, nani atakuwa bado anauza mashine za gemu miaka kumi ijayo? Wengi huanza kulinganisha nguvu za chipu. Mimi naanza na bei, maana hapo ndipo mambo yamegeuka.

Zamani mashine ilikuwa ikizeeka, bei inashuka. PlayStation 2 ya Sony iliingia Marekani Oktoba 2000 kwa dola 299. Mwaka 2002 ikawa 199, 2006 ikawa 129, na 2009 ikafika 99. Siri ilikuwa kiwandani: chipu ikipunguzwa ukubwa, sahani moja ya silikoni inatoa chipu nyingi zaidi, na kwa kuwa joto nalo hupungua, feni na pawasaplai huwa ndogo na rahisi. Aliyeshindwa dola 299 alisubiri akanunua kwa 129, na wanunuzi wa namna hiyo walisaidia kuifikisha mashine ile mauzo ya milioni 160.

Ngazi hiyo sasa imekatika. PlayStation 5 yenye diski ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499. Agosti 2025 ikapandishwa Marekani hadi karibu 550. Xbox Series X ya Microsoft, iliyoanza bei ileile, ilifika karibu 650 Oktoba mwaka huohuo. Mnunuzi wa kusubiri hana tena cha kusubiri, na kampuni inayoitengeneza mashine huumia pia wanunuzi wakipungua, kwa sababu faida yake kubwa ni kamisheni ya takriban asilimia 30 kwa kila gemu inayouzwa kwenye duka lake la mtandaoni.

Microsoft imeshalisoma hilo. Ilitoa dola bilioni 69 kuinunua Activision Blizzard, kampuni ya kutengeneza gemu, na 2025 ikaipeleka gemu yake ya magari, Forza Horizon 5, kwenye mashine ya Sony. Sega iliacha kutengeneza mashine 2001 kwa kuishiwa. Microsoft wanajitoa taratibu mfuko ukiwa umejaa. Naona Xbox ikiishia kuwa kompyuta yenye jina lile.

Nintendo iko salama zaidi, kwani Mario, mhusika maarufu wa gemu zake, hapatikani kwa jirani. Ila nayo huanguka: mashine yake ya Wii ilivuka milioni 100, iliyofuata, Wii U, ikaishia milioni 13 na ushei, sababu mojawapo ikiwa jina. Wapo waliodhani ni padi mpya ya Wii.

Kwa anayenunua sasa, swali kubwa ni diski. Mashine isiyo na tundu la diski inakufungia nje ya soko la mitumba: huuzi, huazimi, hununui iliyotumika. Kisomadiski cha PlayStation 5 nyembamba hununuliwa baadaye na kupachikwa, lakini mara ya kwanza lazima intaneti iwepo ili kisajiliwe. Kwenye Switch 2 ya Nintendo, baadhi ya kadi za gemu zina ufunguo tu na gemu yenyewe unaipakua, kwa hiyo kabla ya kulipa soma tangazo lililo chini mbele ya kasha, kisha upigie bando lako hesabu.