Pafu moja likinywea, mtoto anapumuaje?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka minne, ana uvimbe kwenye pafu la kushoto. Tumepewa rufaa akapasuliwe Dar es Salaam, na tumeambiwa atapumua kwa pafu moja. Mpwa wangu anayesomea udaktari anasema mambo hayo huchunguzwa kwa nguruwe. Sisi ni Waislamu, nimekosa raha kabisa. Nguruwe na mwanangu wapi na wapi? — *Mama Z., Tandahimba*

Jibu: Marahaba, mama. Utafiti huo haumwekei mtoto chochote cha nguruwe. Kinachotoka maabara ni namba: mashine isukume hewa kiasi gani, kwa nguvu gani. (Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndiyo nyingi hutokana na utumbo wa nguruwe. Iulizie mapema.)

Mpasuaji huacha pafu moja linywee ili apate nafasi. La pili hubeba kazi yote. Likipulizwa mno hutanuka, likaumia na kujaa maji. Lililonywea nalo linaweza kuvimba likirudishiwa hewa. Kujua limeumia kiasi gani hasa, inabidi ulitoe ulipime, na hilo kwa mtoto wa mtu halifanyiki. La mnyama hupimwa uzito likiwa bichi, likakaushwa, likapimwa tena; kilichopungua ni maji. Ninyi wa korosho mnajua habari za unyevu ghalani.

Mwaka 1974, Webb na Tierney wa Marekani walipuliza panya kwa shinikizo kubwa, na mapafu yakajaa maji ndani ya saa moja. Mwaka 2000 ukatoka utafiti wa wagonjwa 861, watu wazima wenye mapafu mahututi: waliopewa pumzi ndogo, mililita 6 kwa kilo badala ya 12, walikufa asilimia 31, wenzao karibu 40. Mimi niliyefanya kazi ya usingizi miaka mingi hapa Mtwara, namba hizo zilinibadilisha mkono.

Panya, hata hivyo, hapitishi mpira wa kupumulia wa mtoto kooni. Nguruwe mchanga ana kilo za mtoto, anatumia vifaa vilevile. Ila tusimwamini kupita kiasi: tawi la juu la pafu lake la kulia huchomoza kwenye koo la hewa lenyewe, juu ya njia panda ya mapafu mawili, kwa hiyo kuziba upande huo ili unywee si sawa na kwetu. Tena yeye huingia chumba cha majaribio akiwa mzima, mwanao ana uvimbe.

Mtoto akiwa na mafua au kikohozi wiki hizi, mwambie daktari wa usingizi kabla hamjasafiri. Huenda wakasogeza tarehe.