Pikapu Inalia Breki: Kabla Hujashika Msasa

SWALI: Mafundi wetu, salaam kutoka Kibaigwa. Nina Hilux 4WD ya dizeli ya mwaka 2008, nabebea mahindi kutoka vijijini hadi sokoni. Breki za mbele zinalia kama filimbi nikikanyaga taratibu, hasa asubuhi na kwenye foleni. Nikikanyaga kwa nguvu mlio unapungua. Pedi ni mpya, zina wiki tatu. Juzi fundi alizitoa akazipiga msasa, zikanyamaza siku nne, sasa ni yaleyale. Mwaka jana niliongeza majani mawili ya springi nyuma, sijui kama yanahusika. Ninunue pedi nyingine?

JIBU: Ndugu yetu, pesa ya pedi iweke kwanza mfukoni. Mlio wa filimbi ni mtetemo: pedi inatetemeka ikisugua diski, na diski inapiga kama kengele. Msasa uliondoa ule utandu unaong'aa juu ya pedi, ndiyo maana ukapata siku nne za amani, lakini kinachoifanya pedi itetemeke hakijaguswa. Ukikanyaga kwa nguvu pedi inabanwa barabara, inakosa nafasi ya kucheza, na kelele inapungua. Kwa hiyo tafuta mahali pedi inapokaa vibaya.

Legeza kidogo nati za tairi gari likiwa chini. Vuta handibreki, zuia matairi ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma, ndipo upige jeki na kuweka stendi chini ya chasisi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Fungua upande mmoja tu, wa pili ubaki mzima uwe kielelezo cha kurudishia.

Hilux nyingi za 4WD za umri huo zina kalipa (kile chombo kinachobana pedi kwenye diski) isiyoteleza, yenye pistoni nne, mbili kila upande. Pedi zinashikwa na pini mbili ndefu zinazopita katikati, pamoja na springi nyembamba ya waya. Ukichomoa pini, pedi zinatakiwa kutoka kwa vidole. Zikihitaji bisibisi na nyundo, umeshampata mchawi: vumbi la Kongwa limeganda na kutu kwenye njia za pedi, pedi inakaa upande, inagusa diski kwa ukingo mmoja. Sugua njia hizo na pini kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Pini iliyoliwa mpaka ikafanya kijishimo, badilisha. Pedi ikiendelea kubana, chukua tupa upunguze rangi kwenye masikio yake (zile ncha za bamba la pedi zinazokaa kwenye njia) kidogo kidogo, ukijaribu kila mara, hadi iteleze bila kulegea. (Pikapu zenye kalipa ya kuteleza zina pini mbili ndani ya mipira; hizo zisukume kwa kidole, zirudi bila kukwama.)

Halafu geuza pedi uangalie mgongo. Lazima kuwe na kibati chembamba, wakati mwingine viwili, kati ya pedi na pistoni. Kazi yake ni kumeza mtetemo. Pedi za bei rahisi mara nyingi huuzwa bila vibati, na mafundi wengi wakibadilisha pedi hutupa vya zamani pamoja na pedi kuukuu. Tukiambiwa tubashiri tatizo lako bila kuona gari, tungeanzia hapo. Kama vya zamani vipo na havijapinda, vioshe uvirudishe.

Paka grisi kwenye mgongo wa pedi panapogusa kibati na kwenye masikio yake, kiasi cha punje moja ya mahindi kwa kila pedi, uisambaze iwe utando tu. Iwe grisi maalumu ya breki, ya silikoni. Ile ya beringi huyeyuka kwa joto na kuchuruzika hadi kwenye diski, na ikigusa mipira ya pistoni inaivimbisha. Kuna wanaopulizia oili kwenye diski ili kelele ife. Itakufa kweli, na breki nazo zitakufa.

Sasa diski. Pitisha msasa namba 120 kwa mizunguko midogo midogo pande zote mbili, kisha ifute kwa dawa ya kusafishia breki au maji ya sabuni. Usitumie petroli wala dizeli. Unene wa chini unaoruhusiwa umegongwa kwenye diski yenyewe, kwa milimita. Ikiwa chini ya hapo haikerezwi tena, inatupwa. Na vumbi la breki usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo, kwani pedi nyingine bado zina asbestosi. Liloweshe kwanza.

Ukirudisha pistoni ndani, angalia kopo la mafuta ya breki: yakifurika yanakula rangi ya gari. Ukimaliza kufunga, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Wengi wamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hilo. Nati kaza kwa mtindo wa msalaba, na uzirudie baada ya kilomita 100 hivi.

Pedi mpya au zilizopigwa msasa huzoeshwa. Tafuta barabara tulivu, nenda kilomita 50 kwa saa, punguza hadi 10 bila kusimama kabisa, ongeza tena. Fanya hivyo mara kumi, ukiacha nusu dakika hivi kati ya kila mara, kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama kabisa pedi zikiwa za moto zinaacha alama kwenye diski, na baadaye usukani utatikisika kila ukifunga breki.

Tuje kwenye springi zako, maana umeuliza kama yanahusika na jibu ni ndiyo. Juu ya ekseli ya nyuma, kwenye chasisi, kuna vali yenye fimbo iliyoungwa na ekseli. Gari likipakiwa, bodi inashuka, fimbo inasukuma vali, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ulipoongeza majani mawili, bodi ikainuka na haishuki tena kama zamani. Vali inadhani gari ni tupu hata likiwa na gunia kumi, inazinyima breki za nyuma, na mzigo wote wa kusimamisha unaangukia mbele. Pedi za mbele zinachemka, zinakuwa ngumu na kung'aa kama kioo, zinaanza kulia. Hata ukifanya yote tuliyoeleza, mlio utarudi mapema kama vali haijapimwa upya. Inapimwa kwa geji za presha, ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, kwa vipimo vya kitabu cha gari. Tafuta fundi mwenye geji hizo. Usikubali mtu yeyote aifunge fimbo kwa waya ibaki juu: siku ukirudi bila mzigo na mvua inanyesha, matairi ya nyuma yatafunga na mkia utakuja mbele.

SWALI: Shikamooni. Pikapu yangu inabeba maji na nyasi huku Bahi. Mvua zilipoanza nilipita kwenye tope la mbuga mara nyingi, sasa nyuma panasaga, na handibreki naivuta mpaka mwisho ndiyo ishike. Fundi anasema ni kawaida ya matope. – Mama mfugaji, Bahi

JIBU: Marahaba, mama. Matope ni kweli, ila kusaga si kawaida hata kidogo. Nyuma kuna drami, ngoma ya chuma inayozunguka na tairi, viatu vya breki vikiwa ndani yake, na tope la mbuga likishaingia halitoki. Linakauka ndani na kula viatu vya breki kama msasa.

Drami ifunguliwe. Zuia matairi ya mbele kwanza, kisha handibreki iachiwe. Drami ikigoma kutoka, ina matundu mawili yenye nyuzi: fundi afunge humo boliti za milimita 8, akaze moja na nyingine kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Hakuna haja ya kuipiga nyundo ikapasuka. Kiatu kikibaki na unene wa milimita 2, badilisha pande zote mbili za gari kwa pamoja. Kikifika 1 umeshachelewa, na pengine drami imechimbika. Kipenyo cha juu kinachoruhusiwa nacho kimegongwa juu yake.

Kabla hajafunga, mwambie fundi ainue kidogo mipira ya silinda ndogo ya breki. Kukiwa na majimaji nyuma yake, silinda inavuja. Oili nzito yenye harufu kali ya gia inatoka kwenye sili ya ekseli. Viatu vilivyolowa oili havioshwi, vinatupwa, na chanzo kirekebishwe kwanza. Aoshe kila kitu kwa maji ya sabuni, apake grisi ya breki kidogo sana pale viatu vinapoegemea bati la nyuma, sehemu tatu kwa kila kiatu.

Handibreki kuwa ndefu kunatokana na viatu kukaa mbali na drami. Arekebishe kwanza kirekebishi cha meno ndani mpaka drami izunguke ikikwaruza kidogo tu, kebo iwe ya mwisho. Akianza na kebo, itaonekana imepona wiki moja. Nawe ukitoka kwenye maji au tope, endesha taratibu mita mia mbili hivi huku umegusa breki kidogo, zikauke.

SWALI: Changu ni kinyume: mlio unaendelea nikitembea, nikigusa breki unakoma. – Dereva, Kondoa

JIBU: Ukiwa umetoka tu kwenye barabara ya changarawe, tafuta kokoto kati ya diski na bati la kuzuia vumbi. Livute bati kwa bisibisi, ianguke, kisha linyooshe lisiguse. Kama hakuna kokoto, pima pedi. Nyingi zina ulimi mdogo wa chuma unaoanza kukwaruza diski pedi ikibaki na milimita 2 au 3. Ukiwa ni huo, badilisha pedi za mbele zote nne kabla ya safari yenye mteremko. Sekenke usishuke nazo.