Vifaranga wenye masharubu mdomoni mwa sikilidi

SWALI: Nina tangi la lita 400 lenye sikilidi (samaki ambao majike yao hubeba mayai mdomoni) wa Ziwa Malawi na gogogo watano wenye madoa, yaani kambare wadogo wa Ziwa Tanganyika. Jike mmoja wa sikilidi aliatamia mdomoni, nikamtapisha (nikamfungua mdomo awateme watoto) siku ya 20. Wakatoka vifaranga watatu wenye masharubu, wa kwake hakuwamo hata mmoja! Majike wanne waliofuata hawakutoa kambare yeyote. Nifanyeje niwapate wengi?

JIBU: Gogogo wako, Synodontis multipunctatus, huzaa kwa mtindo wa ndege kekeo: mayai yake hulelewa na wengine. Sikilidi wakianza kutaga, gogogo hujipenyeza katikati yao, hula baadhi ya mayai na kuyamwaga ya kwao papo hapo. Jike wa sikilidi huwa na haraka ya kuokota, basi huzoa yote. Mayai ya gogogo huanguliwa kabla ya yale ya mwenyeji, na kifaranga akishamaliza kiini chake hugeukia watoto wa mwenye mdomo. Hao wakiisha, gogogo hulana wenyewe. Watatu uliowakuta huenda ni mabaki tu.

Kwa hiyo usingoje siku ya 20. Hesabu tangu koo la jike lilipovimba na akaacha kula, umtapishe kati ya siku ya 8 na ya 10. Lowesha mikono, mshike kichwa kikielekea chini juu ya bakuli la maji ya tangi lilelile, kisha fungua taya la chini taratibu kwa kijiti butu cha plastiki. Ukimwinamisha na kumchovya majini mara kadhaa, watateremka wenyewe. Vifaranga wa sikilidi waliomo waache pamoja na gogogo. Ndio chakula chao cha kwanza. Ni ukatili kidogo, lakini ndivyo samaki huyu alivyo.

Ama wale majike wanne, angalia walitagia wapi. Sikilidi wa mawe wa Malawi hupenda kutaga kwenye mianya, na mwanya ukiwa mwembamba gogogo hafiki kwa wakati. Ondoa mawe ya ziada, uweke jiwe bapa moja au kisahani cha udongo cha sentimita 25 hivi mahali pa wazi, karibu na pango wanamojificha gogogo mchana. Dume mkali wa sikilidi ataliteka jiwe hilo, na majike watamfuata hapo. Hakikisha pia kundi la gogogo lina dume na jike. Jike mwenye mayai tumboni huwa na tumbo la mviringo ukimtazama kwa juu.

Usishawishike kuwaondoa sikilidi wa Malawi ili ulete wa Tanganyika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sikilidi wa Tanganyika, waliozoeana na mwizi huyu kwa vizazi na vizazi, walipachikwa mayai mara 3 hadi 11 pungufu kuliko sikilidi wasiomjua.

Maji yawe na pH (kipimo cha uasidi) 7.8 hadi 8.6 na joto la nyuzi 25 au 26, na kila wiki ubadilishe asilimia 25. Amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, zisionekane kabisa kwenye kipimo.

Vifaranga waweke kwenye kisanduku kinachoning'inia ndani ya tangi, chenye mapovu ya hewa. Mdomo wa filta uvishe sponji. Wakishamaliza vifaranga wa sikilidi, wape artemia (uduvi wadogo sana wa maji ya chumvi) waliototolewa upya, mara tatu kwa siku. Kuwatotoa: gramu 25 za chumvi kwa lita moja ya maji, hewa ya nguvu, nyuzi 27, saa 24 hadi 36, wasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kulisha. Wakianza kutofautiana ukubwa, watenganishe upesi.

Gogogo wakubwa usiwavue kwa wavu. Miiba ya mgongoni na ya ubavuni hujifunga wima, inanasa kwenye nyuzi, na utalazimika kuukata wavu ili kumnasua. Tumia jagi au chupa pana ya plastiki, umwongoze aingie.